Italia ya vilima bila magari: shika mgongo wa kilima, achana na bonde

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Iringa, naishi Stuttgart na mke wangu. Likizo zetu tunazitumia kwenye baiskeli, mizigo ikiwa kwenye keria. Mwaka jana tulizunguka ziwa moja kaskazini mwa Italia. Mandhari yalipendeza, ila malori na pikipiki vilitunyima raha. Mwezi Mei tuna wiki moja. Tunataka vilima, vijiji na utulivu, hata kama itabidi tupite kwenye vumbi. Sisi si wanamichezo, tumeshavuka miaka hamsini. Twende wapi? Mke wangu anauliza pia kama akodi baiskeli ya umeme.

Jibu: Ndugu yangu, nendeni Crete Senesi, vile vilima vya udongo wa mfinyanzi vilivyo kusini-mashariki mwa mji wa Siena, mkoani Toscana, kisha mshukie Val d'Orcia, bonde la mto Orcia. Huko mnaweza kupanda na kushuka kutwa nzima mkakutana na trekta mbili na gari la posta. Lakini kabla sijawapa njia yenyewe, niruhusu nieleze kwa nini kuko kimya, kwa sababu ukishaijua sababu hiyo utaweza kujichagulia njia popote katikati ya Italia bila kumtegemea mtu.

Kwa karne nyingi mashamba ya mikoa ya Toscana, Umbria na Marche yalilimwa kwa mkataba ulioitwa mezzadria. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, familia ya mkulima ikatoa jasho, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia hizo hazikuishi kijijini. Kila moja ilikaa katikati ya shamba ililokabidhiwa. Kwa hiyo karibu kila kilima kilikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilihitaji njia ya kupitisha mkokoteni wa maksai. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watoto wa wakulima hao walihamia mijini na viwandani, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku kuingia mikataba mipya ya aina hiyo. Watu wakaondoka, njia zikabaki. Ndizo hizo Waitaliano wanaziita strade bianche, barabara nyeupe: hazina lami, zimemwagiwa kokoto za mawe meupe na kushindiliwa, nazo zinapita katikati ya ngano na mizeituni kuelekea nyumba ambazo nyingi leo hazina mtu, au zimegeuzwa kuwa nyumba za kupokea wageni.

Jambo la pili ni miji. Miji ya zamani iko juu vilimani, kwanza kwa ajili ya ulinzi, na pili kwa sababu mabonde yalikuwa na malaria. Bonde la Chiana, ambalo leo limejaa mashamba na viwanda, lilikuwa kinamasi cha mbu mpaka lilipokaushwa. Barabara za kale zilifuata migongo ya vilima, mji hadi mji. Reli ilipokuja ikapita bondeni, na barabara kuu za kisasa zikafuata mkondo huohuo. Mwenye haraka yuko chini. Barabara ya mgongoni imebaki kwa mkulima, kwa padri na kwa ninyi.

Kwa hiyo mkikaa na ramani, msianze kutafuta njia fupi. Angalieni herufi zilizoandikwa kwenye barabara. A ni barabara kuu ya kulipia, ambayo baiskeli haziruhusiwi. SS ni barabara ya taifa, SR ya mkoa mkubwa, SP ya wilaya. Zile ndogo za manispaa na za mashambani mara nyingi hazina namba yoyote kwenye ramani. SP zinatofautiana sana, moja ni tupu kabisa na nyingine imejaa malori, kwa hiyo jiulizeni: barabara hii inaunganisha miji miwili mikubwa? Ipo nyingine ya kasi inayokwenda sambamba nayo ikabeba magari? Na mwisho wake kuna nini? Swali hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Karibu na Rapolano, kwa mfano, kuna machimbo ya mawe ya travatini, na machimbo maana yake ni malori, hata kama barabara inaonekana nyembamba na ya kupendeza kwenye ramani. Kuna pia zile barabara za njia nne zisizolipiwa, kama ile ya Siena kwenda Firenze na ile ya Siena kwenda Bettolle. Hamruhusiwi kupita humo, lakini msizichukie: zinafyonza magari yote yenye haraka na kuziacha barabara za zamani kando yake zikiwa na nafasi.

Barabara mbili nawashauri mziepuke hata kama kila mtu anazisifu. Moja ni SR222, ile Chiantigiana inayopita katikati ya Chianti, vilima vya mizabibu kati ya Siena na Firenze: ni nzuri mno, na ndiyo maana kila mwenye pikipiki na gari la kukodi yuko hapo, hasa Jumamosi na Jumapili. Nyingine ni Cassia, njia ya kutoka Siena kuelekea Roma. Inapita mlemle mnakokwenda, na programu za simu zitawasukuma humo kwa sababu haina mwinuko mkali. Ivukeni, msiifuate.

Chianti yenyewe siikatai. Huko, katika mji mdogo wa Gaiole, ndiko Giancarlo Brocci alikoanzisha L'Eroica mwaka 1997, matembezi ya baiskeli za zamani ambayo lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuziokoa barabara nyeupe zisije zikafunikwa lami. Naona ni moja ya mambo mema kabisa yaliyowahi kufanyiwa baiskeli barani Ulaya, kwa sababu lilimfanya diwani wa kijiji aione kokoto kuwa mali na si aibu. Njia yake ya kudumu, kilomita 209, imewekewa alama na inaweza kuendeshwa karibu msimu wowote kwa siku kadhaa. Ila ina zaidi ya mita 3,000 za kupanda, na sehemu za Chianti zina msitu mwingi unaofunga macho. Kwa wiki moja tu, nami nikiwa na uhuru wa kuchagua, ningekaa kusini.

Njia yenyewe basi. Pandeni treni ya Siena hadi Asciano, kwenye reli ya Siena na Chiusi. Ni mwendo mfupi, na unawaepusha na vitongoji vya kutokea Siena ambako magari bado ni mengi. Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli zinapokea baiskeli kwa nyongeza ndogo ya nauli. Treni za kasi zinataka baiskeli iwe imefunguliwa na kufungwa kwenye mfuko. Laleni Asciano usiku wa kwanza na wa pili, ili siku moja muendeshe bila mizigo kwenye barabara nyeupe ya Monte Sante Marie. Ni kilomita 11 na nusu za kokoto, na ndiyo sehemu mashuhuri kuliko zote katika mashindano ya kulipwa ya Strade Bianche, yaliyoanza mwaka 2007 na humalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo, Siena. Imetengwa kwa heshima ya mwendesha baiskeli Fabian Cancellara, aliyeshinda mashindano hayo mara tatu. Kwa mkimbiaji ni mateso. Kwa ninyi ni asubuhi nzima juu ya mgongo mwembamba, bonde upande huu na bonde upande ule, na ngano changa ikiinama kwa upepo. Kuna vipande vyenye mwinuko unaozidi asilimia 15, yaani mita 15 za kupanda kwa kila mita 100; hapo shukeni mkokote baiskeli, hakuna wa kuwaona.

Kutoka Asciano mwendo unaendelea kwenye lami tulivu kuelekea Chiusure na abasia ya Monte Oliveto Maggiore, iliyoanzishwa mwaka 1313 na ambamo watawa wanaishi mpaka leo. Chini ya Chiusure udongo umekatika na kuwa makorongo ya kijivu. Tazameni vizuri, kwa sababu udongo huohuo ndio utakaowasumbua ikinyesha. Halafu San Giovanni d'Asso, Montisi, Castelmuzio, vijiji vidogo vilivyopangana juu ya vilima, mpaka Pienza. Papa Pius wa Pili alizaliwa hapo kilipokuwa kijiji cha Corsignano, na mwaka 1459 akaanza kukijenga upya kiwe mji wa mfano. Mchana watalii hujaa; jioni mabasi yao yakishaondoka, mji unarudi kwa wenyewe. Laleni hapo mkiweza.

Kati ya Pienza na San Quirico d'Orcia msishike barabara kuu ya lami, ambayo mwezi Mei ina magari ya wapiga picha. Kuna njia nyeupe inayopita kwenye kikanisa cha Vitaleta, kile chenye miti ya misaiprasi pembeni. Mkifika San Quirico ongezeni kipande kidogo hadi Bagno Vignoni, ambako katikati ya kijiji, mahali pa uwanja, kuna bwawa la maji ya moto. Kurudi, piteni Torrenieri, shikeni barabara nyeupe ya Lucignano d'Asso na kisha ya Pieve a Salti, mtokee Buonconvento. Hapo kuna stesheni, na treni inawarudisha Siena.

Mtaona sijawapa kilomita nyingi. Kilomita 35 hadi 45 kwa siku zinatosha. Katika vilima hivi umbali si kipimo. Kipimo ni mita za kupanda, na mita 700 hadi 900 kwa siku, na mizigo, ni kazi halali ya mtu mzima. Kumbukeni pia kwamba miji iko juu, kwa hiyo kilomita ya mwisho ya siku karibu daima ni ya kupanda, wakati miguu imekwisha. Pangeni njia ili mfike mjini kwa kufuata mgongo, si kwa kutokea bondeni, na hilo peke yake litawaokolea jioni nyingi.

Sasa gia, kwa sababu hapa ndipo safari hufia. Chukulia mtu, baiskeli na mizigo vina jumla ya kilo 100. Kupanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 5 kwa saa kunadai karibu wati 140 kwa kupanda tu, bila kuhesabu ukinzani wa kokoto. Mtu wa umri wenu mwenye mazoea anazitoa kwa dakika kadhaa bila shida. Lakini kwa mwendo huo gurudumu linazunguka kama mara 40 kwa dakika. Kama gia yenu nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 34 nyuma, miguu nayo inazunguka mara 40 tu, na hapo mnakanyaga kwa magoti. Mkiwa na meno 26 mbele na 36 nyuma, miguu inazunguka mara 55, na jioni magoti bado ni yenu. Mpelekeeni fundi baiskeli mapema, kabla ya Aprili, awabadilishie. Afadhali mpunguze fedha za hoteli kuliko za gia.

Tairi ziwe za milimita 35 hadi 45, upepo mkiupunguza kidogo kuliko wa lami. Mkipanda kwenye kokoto kaeni kwenye tandiko. Mkisimama, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuteleza. Mkishuka, fungeni breki kabla ya kona na muziachie ndani ya kona, na mfuate alama za magurudumu ya magari badala ya kokoto zilizorundikana katikati. Haya, ndugu yangu, kama ulijifunzia baiskeli kwenye barabara za vumbi za Iringa, mikono yako inayajua. Mwelekeze mwenzio taratibu.

Mvua ni jambo zito zaidi. Tarehe 15 Mei 2010 mashindano ya Giro d'Italia yalipita kwenye barabara hizi yakielekea Montalcino huku mvua ikinyesha, na wakimbiaji bora duniani walifika wamepakwa tope kutoka kichwani hadi viatuni, mtu hujui jezi ya nani ni ipi. Cadel Evans alishinda siku hiyo. Mfinyanzi wa Crete ukilowa unanata kwenye tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Barabara nyeupe zilizowekwa kokoto vizuri zinapitika baada ya mvua ya kawaida. Njia za mashambani zisizo na kokoto hazipitiki, na kuzilazimisha ni kuvunja vifaa. Siku ya mvua kubwa shikeni lami au kaeni mezani. Ikiacha, upepo na jua la Mei mara nyingi hukausha juu kabla ya siku ya pili.

Mei ni chaguo zuri. Ngano bado ni kijani, na maua mekundu ya poppi yamechanua pembezoni. Alizeti huja Julai, lakini na joto lake, na kivuli katika Crete hakipo. Jihadharini na tarehe 1 Mei na 2 Juni, sikukuu ambazo Waitaliano wenyewe hutoka mjini. Jumapili alasiri pikipiki hupenda barabara za lami zenye kona. Siku hiyo ndiyo ya kokoto. Na kuna saa ya dhahabu ambayo wageni wengi hawaitumii: kati ya saa saba na saa tisa mchana Italia nzima iko mezani, na hata barabara ya lami hunyamaza. Kuleni mapema au mchelewe, mwendeshe saa hizo kama jua halijawa kali. Mkifanya hivyo nunueni mkate, jibini na matunda asubuhi, kwa sababu maduka madogo ya vijijini hufungwa mchana mpaka alasiri, na Jumapili mengine hayafunguliwi kabisa. Maji mtayapata kwenye bomba la uwanja wa kila mji. Palipoandikwa "non potabile" msinywe.

Kuhusu mbwa. Familia za wakulima zilipoondoka, sehemu ya ardhi hii ilichukuliwa na wafugaji waliovuka bahari kutoka Sardinia na kondoo wao, na ndiyo maana jibini la kondoo la Pienza lina sifa yake leo. Kondoo wana walinzi, mbwa wakubwa weupe wa Maremma. Hawawindi baiskeli, wanalinda kundi. Mkiliona kundi karibu na njia, shukeni, wekeni baiskeli kati yenu na mbwa, ongeeni kwa sauti ya kawaida, tembeeni bila kukimbia wala kumkazia macho, mpaka mpite. Anayepiga pedali kwa hofu ndiye anayefukuzwa. Mei si msimu wa kawaida wa uwindaji. Mkija siku nyingine kati ya Septemba na Januari, vaeni rangi kali, na mjue kwamba Jumanne na Ijumaa sheria ya nchi hairuhusu kuwinda.

Kama siku moja mtataka kurudi Italia, nendeni Marche, upande wa Adriatiki. Naipenda kuliko Toscana, na nasema hivyo nikijua wengi watapinga. Mito yake inashuka kutoka milima ya Apennini hadi baharini ikiwa imepangana kama meno ya chanuo, na kati ya kila bonde na bonde kuna mgongo mrefu wenye miji juu yake: Cingoli, Treia na mingine mingi. Magari yako mabondeni na pwani. Mkifuata mgongo mmoja, ni starehe. Mkiikata kutoka kaskazini kwenda kusini, mtapanda na kushuka mita 200 au 300 kila saa mpaka mchoke. Wageni ni wachache, na mwenye baa atataka kujua mmetoka wapi. Lakini hata huko msilegeze macho penye makutano ya vijijini: Michele Scarponi, bingwa wa Giro wa mwaka 2011 na kipenzi cha mkoa huo, aligongwa na gari la mizigo akiwa mazoezini katika mji wake mwenyewe wa Filottrano tarehe 22 Aprili 2017, akafariki. Sheria ya Italia sasa inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli angalau mita moja na nusu anapompita, pale barabara inaporuhusu. Kwenye barabara nyembamba ya kijiji hairuhusu, kwa hiyo ni ninyi mtakaosimama pembeni.

Na kwa siku ambayo miguu inataka mapumziko lakini roho inataka vilima, Umbria ina reli ya zamani ya Spoleto na Norcia. Ilifunguliwa mwaka 1926, ikafungwa 1968, kilomita 51, na leo sehemu kubwa ni njia ya baiskeli na miguu, inayopanda kwa upole wa treni kupitia madaraja na mahandaki. Tetemeko la mwaka 2016 liliiharibu kwa upande wa Norcia, kwa hiyo ulizeni Spoleto ni kipande gani kiko wazi kabla ya kuondoka. Taa yenye nguvu ni lazima, na kizibao cha kuakisi mwanga pia. Sheria ya barabarani inakidai ndani ya mahandaki, na usiku nje ya mji.

Sasa swali la shemeji. Ndiyo, akodi, na asione haya hata kidogo. Katika miinuko ya asilimia 12 tofauti ya nguvu kati ya watu wawili huwa kubwa kuliko upendo wao. Mmoja anasubiri juu akipoa, mwingine anafika amekasirika. Kwa baiskeli ya umeme mtaendesha pamoja na kuzungumza. Akubali ile yenye tairi pana, achague msaada mdogo kwenye miinuko ya kawaida na kuuacha mkubwa kwa ile mikali, na chaja aibebe mwenyewe, kwa sababu nyumba za wageni mashambani zina umeme wa kutosha lakini hazina chaja ya kila aina. Betri ya ukubwa wa wastani, wati-saa 500, inatosha kwa siku niliyowapangia. Tahadhari ni moja: baiskeli hiyo ina uzito wa kilo 22 hadi 25, na stesheni ndogo zina ngazi. Kwa hiyo asije nayo kutoka Ujerumani. Aikodi Siena, wewe uje na yako, mpande nayo treni ya Asciano, mizigo yote ikiwa imeshatolewa kwenye keria kabla ya kuinyanyua, na mkifika Buonconvento mrudi nayo Siena kwa treni vilevile. Weka nafasi ya kukodi mapema, Machi ikiwezekana, na utaje urefu wake na gia unayoitaka, maana baiskeli za wanawake wafupi ndizo zinazoisha kwanza.